Macho Kwanza, Mkoba Baadaye: Siku Mbili za Picha na Mavazi Mji Mkongwe

Simama Hurumzi, mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, saa 2 asubuhi, mbele ya mlango wowote wa zamani, usubiri mzee apite na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono. Mara nyingi utaona ua lililochongwa mlangoni ni ndugu wa lile lililodariziwa kwenye kofia. Ukigeuka, bibi aliyetoka kununua mkate amejifunga kanga, na pindo lake linaizunguka ile kanga kama mchoro wa mnyororo unavyouzunguka mlango. Kwetu Unguja, kinachotundikwa ukutani na kinachovaliwa mwilini ni kazi ya jicho moja. Ndiyo maana nawasihi wageni wangu wa bara wasitenganishe ziara ya picha na ziara ya nguo. Mwongozo huu nimeupanga hivyo: macho yaanze kufundishwa, mkoba ufunguliwe baadaye.

Siku mbili zinatosha ikiwa hutakimbilia ufukweni katikati yake. Nungwi na Paje zina wakati wake.

Kabla ya kupanda boti

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili na inatia nanga Malindi, hatua chache kutoka Mji Mkongwe wenyewe. Chukua kitambulisho chako, utatakiwa kukionyesha. Ukiweza, usifike Ijumaa mchana. Maduka mengi hufungwa kwa sala ya Ijumaa, na utajikuta unatembea kati ya milango iliyokomewa. Mwezi wa Ramadhani mji una uzuri wake, hasa usiku, lakini mchana mambo mengi hupungua, na kula au kunywa njiani ni kuwakosea wenyeji heshima. Masika, kati ya Machi na Mei, vichochoro hujaa maji na picha za karatasi hunyonya unyevu. Mimi husubiri yapite.

Begi liwe jepesi. Mimi hubeba nguo zisizo na maua: suruali moja ya pamba, sketi moja ndefu, blauzi mbili nyeupe. Sababu ni kwamba ukifika na nguo zenye rangi kumi huwezi kujua kanga gani itakupendeza, kwa kuwa kila unachojipimia kinagombana na ulichovaa. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na kwa wanawake. Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini kabla ya hapo na hadi leo ni mtaa wa watu, wenye madrasa, misikiti na bibi aliyekaa barazani kwake. Unapita mbele ya mlango wa nyumba yake.

Ongeza vitu vitatu ambavyo wengi huvisahau. Cha kwanza ni nguo yako moja inayokukaa vizuri kabisa, kwa ajili ya fundi cherehani. Cha pili ni vipimo vya ukuta unaotaka kuupamba nyumbani, kwa sentimita, pamoja na picha yake kwenye simu. Cha tatu ni kipande cha bomba la plastiki la fundi bomba, lenye upana wa kupitisha ngumi yako, kwa kubebea picha. Hilo bomba litakuokoa, na nitaeleza kwa nini.

Asubuhi ya kwanza: anza na milango, usianze na maduka

Toka mapema, saa 1 na nusu au saa 2, kabla jua halijapanda juu ya vichochoro. Tembea kutoka Shangani kwenda Hurumzi, kisha Kiponda, kisha Malindi. Usiogope kupotea. Mji ni mdogo, na ukitembea kwa dakika chache upande mmoja utatokea ama baharini ama Darajani.

Jifunze kuusoma mlango. Ubao wa katikati unaofunika mwanya kati ya mbao mbili huitwa mfaa, na mara nyingi ndipo fundi aliposhindana na mafundi wenzake. Milango ya zamani ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na juu yake huenda pamechongwa maandishi ya Qurani. Iliyokuja baadaye, iliyopata mkono wa Kihindi, ina upinde juu na maua yaliyosongamana kiasi kwamba huoni mbao. Upande wa madukani utakuta aina ya tatu, ya Kigujarati, yenye vipande vinavyokunjwa ili duka lifunguke lote. Chini kabisa tafuta samaki au mawimbi. Pembeni tafuta mnyororo. Wanaosimulia husema samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi wa nyumba, mtende ni neema. Zile njumu za shaba zilizochongoka zinasemekana zilianza India kuzuia tembo wasisukume milango. Unguja hazikuwa na tembo wa kumzuia, zikabaki kuwa pambo na alama ya uwezo wa mwenye nyumba.

Chagua milango mitatu tu. Kaa mbele ya kila mmoja dakika kumi. Piga picha ya kipande kidogo: ua moja, kona moja. Usipige picha ya mlango mzima pamoja na watu waliokaa barazani bila kuwaomba. Anza na salamu: "Salaam aleikum" kwa watu wa rika lako, "Shikamoo" kwa mzee, kisha uombe. Ukikataliwa, shukuru uendelee. Picha hizo za vipande vidogo ndizo utakazomwonyesha fundi cherehani na muuza kofia, na hapo ndipo ziara yako itakapoanza kuwa na maana.

Usipite Malindi bila kusimama mbele ya ile Zahanati ya Ithnasheri, jengo la mfanyabiashara Tharia Topan lililomalizika miaka ya 1890. Baraza zake za ghorofani zimechongwa kama lesi. Ukiwa na mshipi wa kanzu au ukosi wa gauni unaotaka kuudarizi, mchoro wake uko hapo juu, bure. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultani Barghash la mwaka 1883, litazame kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kila nikipita nahisi kama naona jamaa yangu aliyelazwa hospitalini.

Galari na wachoraji: hapa chukua muda wako wote

Maduka ya picha yamejaa kuanzia Barabara ya Kenyatta, mtaa wa Gizenga hadi Hurumzi, na ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ukiingia matano ya kwanza utachoka, kwa sababu utaona Mmasai mwembamba yule yule, jahazi lile lile, na machweo yale yale ya rangi ya chungwa. Usikate tamaa, na wala usimdharau anayezichora. Ni kazi inayolisha nyumba. Lakini kazi yako ni kutafuta picha ambayo aliyeichora aliangalia kitu kwa macho yake.

Mimi hutumia maswali matatu. Je, kuna kitu kimoja ndani ya picha ambacho nisingekijua kama mchoraji hakuwa mahali pale? Inaweza kuwa paka juu ya pikipiki, au kamba ya nguo yenye kanga mbili na soksi moja. La pili: kivuli kimeanguka upande mmoja? Jua la vichochoro vyetu hukata ukuta katikati, juu nyeupe na chini buluu, na aliyekulia hapa hakosei hilo. La tatu: nikirudi nyuma hatua sita, picha bado inaniita?

Kuhusu Tingatinga, ujue unachokinunua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya mbao nyembamba za mraba. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima: wanyama wenye madoa, mistari myeusi, rangi zinazong'aa kama kioo. Unguja si kwao, lakini picha za mtindo huo zimejaa hapa. Tingatinga nzuri ina mpangilio: mnyama amejaza nafasi yake sawasawa, na doa la mwisho limetiliwa umakini kama la kwanza. Mbaya imechoka pembeni. Tazama kona za chini. Mchoraji aliyekuwa na haraka hujulikana hapo.

Ukikuta mtu anachora, usianze na bei. Nilimkuta kijana mmoja anachora kibarazani, tukaongea hivi:

"Kazi njema, kaka."

"Ahsante dada, karibu."

"Hii rangi ya ukuta umeipataje?"

"Nimechanganya nyeupe na kahawia kidogo, halafu nikaisugua kwa kitambaa. Ukuta wa chokaa haukai rangi moja. Njoo uone ule pale."

Akaacha brashi, akanipeleka hadi ukuta wenyewe. Nilijifunza mengi katika dakika zile kuliko katika maduka yote ya siku ile. Swali linalofungua mlango ni la kazi: umechanganyaje, umeanzia wapi, ulikaa wapi ukichora. Na swali la heshima lakini la lazima: "Umechora wewe mwenyewe?" Picha nyingi zinazouzwa ni za wengine, na hakuna ubaya, ila ni haki yako kujua jina la aliyeichora na kuomba aliandike nyuma.

Kuna pahala pawili ambapo huendi kununua mchoro. Cha kwanza ni Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, studio ya picha iliyofunguliwa mwaka 1930. Picha za zamani za Unguja nyeusi na nyeupe zinakuonyesha mji huu ulivyovaa: kanzu, makoti juu ya kanzu, buibui za enzi hizo. Nakala moja ndogo ya hapo ina thamani kwangu kuliko turubai kubwa. Pahala pa pili ni uwanja wa Kanisa la Anglikana Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Humo mna sanamu za saruji za Clara Sörnäs, msanii wa Sweden: watu waliosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Nenda peke yako au na mtu mtulivu. Usijipige picha ukicheka mbele yake. Mimi hukaa hapo, kisha siendi dukani kwa saa nzima.

Mchana: kahawa, kisha uandike

Jua likiwa utosini rudi kivulini. Jaws Corner, njia panda ya vichochoro, kuna kahawa chungu ya kikombe kidogo na wazee wanaocheza bao na kubishana siasa. Andika kwenye simu rangi tatu zilizokurudia asubuhi nzima. Usifikirie sana. Wengi huandika nyeupe ya chokaa, kahawia ya mbao za msaji, na rangi moja ya kushangaza: kijani cha dirisha, au pinki ya kanga iliyoanikwa. Hizo tatu ndizo orodha yako ya kununua nguo.

Alasiri ya kwanza: kitambaa na fundi

Nilisema mkoba baadaye, lakini kitambaa kina dharura yake, kwa kuwa fundi anahitaji usiku mmoja. Maduka hufunguka tena kuanzia saa 9 au saa 10. Nenda Mchangani na Darajani, wanakonunua wenyeji. Hapo Darajani soko lenyewe lina umri tangu 1904, na samaki wake utawanusa kabla hujawaona.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni ukingo unaozunguka, mji ni katikati, jina ni yale maneno. Huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na utaikata na kuipinda mwenyewe au kwa fundi. Soma jina kabla ya kulipa. Ukimpelekea mama mkwe kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" kwa kuwa umependa rangi, utakuwa umetuma barua usiyoikusudia.

Na ujue unavaa nini. Mwanzoni, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani waliunganisha leso za mraba zikawa vazi moja. Wakati huo waliokuwa watumwa walivaa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na pambo. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa huru sasa waliikimbilia kanga yenye rangi na maua, ili anayewaona njiani ajue wao ni nani. Maneno yalianza kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja hizi tunazozisoma leo. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na miongoni mwa kazi zake ni zile alizozijenga juu ya kanga: pindo, mji na jina. Kitambaa unachokishika Mchangani kimeshaingia majumba makubwa ya sanaa duniani. Mpe fundi maagizo yanayolingana na heshima hiyo.

Maagizo kwa fundi yawe machache. Mpe nguo yako inayokukaa, mwambie: "Fundi, urefu huu, mabega haya, ila shingo kama hii," kisha mwonyeshe ile picha ya upinde wa mlango. Mwombe pindo likae chini ya gauni au mikononi, na jina lisikatwe katikati. Kwa mwanamume, kipande kimoja cha kanga chenye mji mdogo kinatoa shati zuri. Mji mkubwa huangukia tumboni. Kitambaa cha pamba kilowekwe kabla ya kukatwa, la sivyo gauni litanywea likifuliwa mara ya kwanza. Lipa nusu, nusu ubaki nayo hadi ujipime.

Kofia nitaisema kwa wanaume, maana wengi huikosea. Kofia ya viua, yenye vile vitundu vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, huchukua wiki nyingi za mkono wa mtu, na Pemba kuna kinamama wanaoishi kwa kazi hiyo. Ya mashine vitundu vyake vinafanana kama vimepigwa muhuri. Igeuze ndani uone uzi. Ikiwa ni ya mkono, usiteremshe bei kama unavyoteremsha ya sumaku ya friji. Ijaribu ikae juu ya nyusi kidogo, wima, isizame masikioni. Miguuni tafuta makubadhi ya ngozi. Siku ya kwanza huteleza kwenye mawe, kwa hiyo yakwaruze soli kwa msasa.

Magharibi: harufu

Mtu wa hapa hajamaliza kuvaa hadi anukie. Nguo hufukizwa udi juu ya chetezo, kile chombo cha makaa, kabla ya kutoka, na asumini hufunguka jioni, ndiyo maana kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia, huvaliwa wakati huo. Nunua udi kidogo, ufukize mtandio mmoja, uende bustani ya Forodhani, kando ya bahari, kula urojo. Ukitaka hina, omba ile ya kahawia nyekundu ya majani. Piko nyeusi inayotengenezwa kwa dawa ya nywele imewaunguza watu ngozi, na alama zake hukaa. Ikikosekana hina ya majani, acha.

Siku ya pili: sasa nunua

Rudi kwenye picha mbili au tatu ulizozikumbuka bila kufungua simu. Ile uliyoisahau usiirudie. Linganisha na vipimo vya ukuta. Bei ijadiliwe kwa upole na kwa mara moja: sema unachoweza kutoa, sikiliza, kutaneni. Ukishakubali bei ukaondoka bila kununua, umemvunjia mtu siku.

Usinunue chochote cha gamba la kasa, ni kinyume cha sheria. Mbao za mlango wa kale au kitu cha kale kweli pia usikiguse bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Kila kipande kinachoondoka kinaacha nyumba yenye pengo. Mlango mdogo mpya wa mvule uliochongwa kwa ajili ya kuuzwa, huo chukua kwa furaha.

Alasiri pitia kwa fundi na saa moja ya ziada. Jipime, inua mikono, kaa kitini. Kasoro ya kwapa hurekebishwa papo hapo, ukiigundua ukiwa Dar haitarekebishwa.

Kufunga mzigo

Picha yangu ya kwanza niliyoipenda niliiharibu mwenyewe. Niliinunua asubuhi ya kuondoka, rangi ya mafuta haijakauka, nikaikunja ndani kwa ndani na kuifunga nailoni. Nilipoifungua nyumbani bahari ilikuwa imegandamana na mbingu, na jahazi lina nyufa tatu. Bado ninayo.

Kwa hiyo: gusa kona ya picha kwa kidole na uinuse. Ikinata au ikinuka rangi kali, mwombe mchoraji akuwekee nyingine iliyokauka. Itoe kwenye fremu, funika rangi kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, uizungushe upande wenye rangi ukitazama nje, kwa ulegevu, kisha uitie ndani ya bomba. Ndani ya boti kaa nalo mapajani. Mbele na pembeni maji ya chumvi huruka.

Ukifika, fungua bomba siku hiyo hiyo. Ilaze picha juu ya meza usiku mmoja kabla ya kupeleka kwa fundi fremu, na uitundike mbali na dirisha la jua na ukuta wenye unyevu. Kanga mpya ifue peke yake mara mbili za mwanzo na uianike kivulini. Kipande cha pili cha doti, kama hukukishona, kipinde umpe aliyekulindia nyumba, baada ya kusoma jina lake kwa sauti.